Cheti cha Theluji

Nchi hii ina jina, tena jina zuri la kujivunia, ila kulitaja kunahitaji kibali, na mwenye kutoa kibali yuko safarini. Basi tuiite nchi tu. Ina bendera, ina wimbo wa taifa ambao siku hizi unapigwa bila maneno mpaka kesi ya maneno iishe, ina jua la kuchoma nyayo mwaka mzima, na ina Sheria ya Kulinda Ubunifu, ambayo ndiyo iliyotuleta hapa.

Kabla ya sheria hiyo mambo yalikuwa ovyo sana. Mtu alikuwa anaamka, anampa jirani salamu, anaimba bafuni, anakaanga bagia vile alivyoonyeshwa na mama yake, na serikali haijui hata kimoja kati ya hivyo ni mali ya nani. Watu waliishi hivyo miaka na miaka bila kuona aibu.

Katika ovyo hiyo ndimo alimozeekea Shomari Kitwana. Jina hilo analijua mkewe na daftari la mtaa. Wengine wote walimwita Radi. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Filamu zilitoka nchi za mbali, zikishushwa kutoka mtandaoni kwa njia ambazo Shomari hakuwahi kuziuliza, zikaletwa chumbani kwake, chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili mwangwi usisumbue. Humo Shomari anavaa vipokea sauti vya masikioni, anavuta maikrofoni, anaanza kueleza kinachoendelea, maana watu wanaojazana kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea filamu mtaani, hawajui lugha za hao waigizaji. Shomari naye hakuzijua. Hilo halikumsumbua mtu.

"Huyu mzee mnayemwona," anasema, na mzee mwenyewe kwenye filamu ni daktari wa meno, "ana ugomvi wa shamba na huyu kijana tangu mwaka wa njaa."

Kibanda kizima kinaguna. Kuanzia hapo filamu ni ya ugomvi wa shamba, na daktari akichukua koleo la kung'olea jino watu wanashika vichwa: ameshachukua silaha! Waliowahi kuiona filamu hiyo kwa lugha yake wanasema ya Shomari ilikuwa na maana zaidi.

Na ile sauti sasa! Nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, sauti ya kumfanya mtu aache kutafuna. Wake za watu waliifahamu. Watoto waliiigiza njiani. Na kila filamu ilianza na maneno yale yale, aliyoyasema kwa ukali: "Hii ni kazi yangu! Ukiinakili bila ruhusa yangu wewe ni mwizi, umekula jasho la baba wa watu, na Mungu anakuona!" Wakati anayasema hayo, jina la kampuni iliyotengeneza filamu lilikuwa likipita kwenye kioo, lakini Shomari hakuwahi kulitazama. Alikuwa na hasira na wezi.

Maana wezi walikuwepo. Filamu zake zilizagaa kwenye simu za watu, zinarushwa mtandaoni, hata asante hapati.

"Mama Saumu, dunia imeharibika," alimlalamikia mkewe. "Mtu anachukua kazi ya mwenzake hivi hivi tu?"

Bi. Chiku alikuwa anachambua mchele. Aliinua macho akamtazama mumewe, akaitazama na ile kompyuta yenye filamu mia tatu za watu.

"Wee acha tu, Baba Saumu," akasema. "Watu hawana haya."

*

Sheria ililetwa bungeni na Waziri wa Ubunifu, Mheshimiwa Dakta Wiliadi Mbenje, mtu aliyesoma sana, ambaye kitabu chake cha udaktari kimefungiwa kwenye kabati la serikali ili kisinakiliwe, hasa na wale waliokiandika mwanzo.

Sheria yenyewe ilikuwa nzuri mno. Ilipatikana mtandaoni, ya nchi moja ya baridi, ikashushwa nzima nzima. Kila ukurasa ulikuwa na maandishi hafifu yamepita mshazari: NAKALA YA MFANO TU. Wataalamu walilifuta jina la nchi ile kwa uangalifu mkubwa, isipokuwa kwenye kifungu cha tisa, ambacho mpaka leo kinasema makao makuu yetu yako huko.

Mbunge mmoja, mtu wa kupenda kusoma, alisimama na kifungu cha kumi na nne. Kifungu kilisema hivi: siku ya theluji ofisi zitafungwa, sheria hii itasimama, na kila mtu atatumia alicho nacho mpaka theluji iishe.

"Mheshimiwa Spika," akauliza, "theluji ipi?"

Waziri akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Spika, kwa heshima na taadhima, naomba nimwelimishe ndugu yangu. Sheria hii ni kazi ya ubunifu ya watu wengine. Kubadilisha kazi ya mtu bila idhini yake ni kosa, kifungu cha sita, sheria hii hii. Sasa mheshimiwa anataka Serikali hii sikivu ianze kulinda ubunifu kwa kuiba?"

Wabunge wakapiga meza mpaka glasi zikacheza. Theluji ikabaki.

Na kwa kuwa serikali yetu haijawahi kupuuza sheria iliyoandikwa, ilimwajiri Afisa wa Theluji, Bwana Filimoni. Alipewa gari, koti zito la sufu, na mtu wa kumshikia koti. Kila asubuhi Bwana Filimoni anatoka nje ya wizara, anatazama juu, anatazama chini, anarudi ndani, anasaini Cheti cha Kutokuwepo Theluji. Bila cheti hicho ofisi haipokei karatasi ya mtu, kwa sababu huwezi kujua.

Lakini moyo wa sheria ulikuwa kifungu cha kwanza: anayefika kwanza dirishani ndiye aliyebuni. Siku ya uzinduzi watu walijipanga tangu alfajiri. Kuna mama alikuja na bagia zake kwenye bakuli, kuna mzee alikuja na namna yake ya kupiga mluzi. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri, akakata utepe. Na kwa kuwa mkasi ulikuwa upande wa ndani, yeye ndiye aliyefika kwanza dirishani.

Alisajili vitu vichache tu, kwa mfano, ili wananchi waone inavyofanyika: salamu za asubuhi, harufu ya vitunguu vikikaangwa, desturi ya kumuuliza mgeni kama ameshakula, na namba nne, sauti ya Radi.

Msimshangae. Mheshimiwa alizaliwa na sauti nyembamba, na hotuba zake zilikuwa zinawapa wapiga kura usingizi. Vijana wa wizara walikusanya filamu zote za Shomari zilizozagaa mtandaoni, wakailisha kompyuta, na kompyuta ikajifunza kuzungumza kama yeye, na ule mkwaruzo wa mwisho nao. Fomu ilipouliza ushahidi kwamba sauti ni ya mwombaji, walibandika rekodi ya sauti hiyo hiyo ikisema: hii ni kazi yangu, ukiinakili wewe ni mwizi. Ushahidi gani tena ungehitajika? Sauti imejisemea yenyewe. Tangu siku hiyo Mheshimiwa anafungua mdomo tu, na spika ndogo iliyofichwa kwenye tai ndiyo inayohutubia. Watu wakasema, jamani, Waziri amekomaa.

*

Shomari aliijua habari hiyo dukani, akinunua sukari.

"Nipe nusu," alimwambia mwenye duka.

Mtu mmoja mwenye mkoba akageuka. Kwenye mkoba kulikuwa na kidude cha kioo kinachowaka nyekundu. Mtu huyo alikuwa Mkaguzi wa Sauti, Bwana Ombeni Tegemea, mpole sana, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama peke yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Kidude kikawaka tena.

"Mzee wangu, samahani. Hiyo sauti umeitoa wapi?"

"Kooni."

"Una risiti?"

"Risiti ya koo? Nimezaliwa nayo, kijana!"

"Wote wanasema hivyo, mzee," Bwana Tegemea akajibu kwa huruma, akiandika. "Wengine wanalia kabisa."

Akamsomea sheria palepale kwenye magunia ya mchele. Sauti ile ina mwenyewe. Leo ni onyo. Akikutwa nayo tena, mdomo utafungwa kwa plasta yenye muhuri wa serikali kwa miaka saba, utafunguliwa saa za kula tu na mtendaji wa mtaa, kama mtendaji atakuwepo. Hata hivyo serikali haimtupi mtu wake: wasio na sauti wanaazimwa. Zilizobaki ni mbili, ya mtu mwenye mafua na ya mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

Shomari alichukua ya mafua. Alifika nyumbani, akamwambia mkewe "sukari hii hapa" kupitia puani, na Bi. Chiku akakimbilia tangawizi.

Kusema kweli Shomari angeweza kuishi na mafua. Kazi ya filamu angeacha, umri wenyewe ulishafika. Tatizo lilikuwa Jumapili. Jumapili hiyo, baada ya swala ya alasiri, Saumu, mtoto wake wa pekee, alikuwa anaolewa na Idrisa, fundi viatu, kijana mtaratibu. Na mnajua ndoa zetu: baba ndiye anayemwendea binti mlangoni akamwomba idhini, kisha anarudi barazani, anamshika mkono bwana harusi, anatamka kwa ulimi wake kwamba amemuoza. Pasipo maneno hayo hakuna ndoa, kuna pilau tu.

"Baba yako mdogo atakuoza," Shomari alimwambia binti yake kwa sauti ya serikali. "Nitampa uwakala. Shehe Mbaraka amesema inaruhusiwa."

"Inaruhusiwa, baba, sikatai," Saumu akasema. "Ila mimi sitaki."

"Mwanangu, nitafungwa mdomo miaka saba."

"Nilipokuwa naumwa homa ulikuwa unakaa kitandani kwangu unanisimulia filamu, na filamu yenyewe haipo. Mpaka nalala. Leo niondoke kwako nikisindikizwa na mafua ya mtu nisiyemjua?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga lakini kidevu kimekaza, kidevu cha mama yake. "Nisipoisikia sauti yako, sitatoa idhini. Idrisa nimeshamwambia. Amesema atasubiri."

Shomari alimpenda mtoto huyu kuliko kitu chochote, na alimjua. Akisema hatoi, hatoi.

*

Jumatano akaenda wizarani, dirisha namba tisa. Ukumbini kulikuwa na televisheni kubwa, na kwenye televisheni Mheshimiwa Waziri alikuwa anazindua kampeni dhidi ya wizi wa mtandaoni. "Wewe ni mwizi!" alifoka Waziri, kwa sauti ya Shomari, mkwaruzo ukiwa mahali pake. "Umekula jasho la baba wa watu, na Mungu anakuona!" Watu kwenye mabenchi wakatikisa vichwa kwa kukubali.

Shomari alisimama akajitazama anavyofokewa na koo lake mwenyewe. Aliumia, jamani. Aliumia mpaka akashika ukuta. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akajiuliza yule daktari wa meno alikuwa anasema nini hasa.

Dirishani alikaa Dada Edina, msichana wa heshima, kucha nyekundu.

"Karibu, baba. Malalamiko yanapokelewa kwa mdomo tu, ili tusije tukanakili mwandiko wa mtu."

"Nimeibiwa sauti," Shomari akasema, puani.

"Pole sana. Sasa baba, anayedai sauti lazima aitoe hapa mbele yangu tuithibitishe."

"Nikiitoa nakamatwa."

"Ndiyo, baba. Kwa hiyo wengi wanaamua kutoitoa."

Shomari akavuta pumzi. Akaomba basi kibali cha siku moja. Cha dakika moja. Maneno kumi tu, amuoze binti yake.

"Hilo linawezekana kabisa!" Dada Edina akachangamka, akavuta fomu, akagonga muhuri wa kwanza, akagonga wa pili, halafu mkono ukasimama hewani. "Lo. Cheti cha theluji cha leo hatuna. Bwana Filimoni hayupo."

"Yuko wapi?"

"Ametumwa nchi ya baridi, baba, akaione theluji. Ilionekana si vizuri afisa mzima anasaini kutokuwepo kwa kitu ambacho hakijui."

"Anarudi lini?"

"Alipofika alikuta imeyeyuka. Anasubiri ya msimu ujao."

Shomari akageuka akatazama nje. Mbwa alikuwa amelala chini ya gari, ulimi nje. Lami ilikuwa laini, viatu vya watu vinaacha alama.

"Dada yangu, jasho limenifika kwenye soksi. Hapa kuna theluji?"

"Jasho naliona, baba. Lakini mimi si Afisa wa Theluji."

"Haya. Kama haijulikani kama kuna theluji au hakuna, si sheria yote ingesimama kidogo? Kifungu cha kumi na nne kinasema hivyo. Mbona mkaguzi bado anazunguka na kidude chake?"

Dada Edina akatabasamu kama mwalimu aliyepata swali zuri.

"Kukamata hakuhitaji cheti, baba. Kupokea ndiko kunakohitaji cheti."

"Na ikianguka kweli? Hapo nje, watu wote wanaiona?"

"Ikianguka, baba, tunafunga madirisha wote tunarudi nyumbani, na wewe unazungumza utakavyo." Akaweka fomu pembeni, juu ya fomu nyingine zinazofika mpaka kwenye pangaboi la darini. "Karibu tena."

*

Jumapili ikafika. Barazani kulitandikwa mikeka na mazulia ya kuazima, udi ukafukizwa, pilau likanukia mpaka barabarani. Bwana Tegemea naye akaja na mkoba wake. Hakualikwa, lakini alikula kama aliyealikwa, akaomba na pilipili. Kisha akakiweka kile kidude chake juu ya mkeka, mbele ya Shehe Mbaraka, akapangusa mikono.

"Msijali, endeleeni tu," akawaambia. "Mimi niko kazini."

Shehe akampa Shomari ishara. Shomari akanyanyuka, kanzu inang'aa, akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha ndani ulioning'inizwa pazia. Nyuma ya pazia alikuwepo Saumu, mama yake na shangazi zake. Shomari alikuwa ameamua. Atasema kwa mafua, mtoto atamhurumia, yataisha.

"Saubu," akasema puani. "Bwadangu. Dikuoze kwa Idrisa?"

Kijana mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka. Mwingine akamkanyaga.

"Saubu," akarudia.

Pazia likatikisika, na sauti ya Bi. Chiku ikatoka, kavu, ya mbele ya watu.

"Baba Saumu, mtoto anauliza kama baba yake ameshafika."

Hapo ndipo Shomari alipomsikia binti yake analia. Hakikuwa kile kilio cha bibi harusi ambacho shangazi wanakitazamia na kukisifu. Alikuwa analia kama siku ile ya homa, kwa kujibana, asisikike. Shomari akamtazama Bwana Tegemea, akakitazama kidude kinachopepesa kioo chake, akaiona ile plasta ya miaka saba mdomoni. Kisha akaona kwamba mtoto anaondoka. Kesho chumba hiki hakitakuwa na mtu. Miaka ishirini na nne, imekwenda wapi?

"Saumu," akasema.

Aliitoa kooni, pale pale ilipokuwa siku zote. Alikusudia ile nzito. Lakini ilipofika juu ilikuta machozi yameshatangulia, ikatoka imelowa, imepasuka katikati, inatetemeka kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa.

"Saumu mwanangu. Umekuwa mkubwa. Nikuoze kwa Idrisa?"

"Nioze, baba," Saumu akajibu mara moja.

Shomari akarudi mkekani, machozi yanamdondoka kwenye kanzu bila kupanguswa, akaushika mkono wa Idrisa.

"Idrisa, nimekuoza binti yangu Saumu, kwa mahari mliyokubaliana, msahafu na cherehani. Umtunze, kijana. Umtunze, nakuomba."

Hilo la mwisho halimo kwenye maneno ya ndoa, lakini Shehe Mbaraka aliliacha lipite, maana na yeye alikuwa anatafuta leso.

"Nimekubali kumuoa," Idrisa akasema.

Vigelegele vikapasuka nyuma ya pazia. Kisha, kidogo kidogo, watu wakakumbuka, vigelegele vikafifia, na macho yote yakaenda kwenye kile kidude.

Hakikuwaka nyekundu. Kilikuwa kimeandika neno moja: HAIJULIKANI.

Bwana Tegemea akakipiga kiganjani. Akabadilisha betri. Akakisogeza karibu na Shomari ambaye alikuwa bado anavuta kamasi, kikaandika tena HAIJULIKANI.

"Hii sauti," akasema polepole, mtu wa haki kama alivyo, "haina mwenyewe."

Watu waliokuwa pale, wote mia na ushee, walikuwa wanamtazama mwenyewe. Bi. Chiku alikuwa amefungua pazia akaja mpaka mkekani, amemweka mumewe mkono begani.

Ndipo uso wa mkaguzi ulipobadilika, ukaanza kung'aa taratibu. Akavua miwani, akatoa simu, akaingia kwenye mfumo wa usajili wa mtandaoni. Tulimwona anavyoandika kwa kidole kimoja. Jina la mbunifu: Ombeni Tegemea. Kitu kilichobuniwa: sauti ya baba anayelia akimuoza binti yake. Akabonyeza.

"Jamani!" Shehe Mbaraka akasema. "Hata pilau halijashuka tumboni!"

"Shehe, kifungu cha kwanza," Bwana Tegemea akamjibu bila kuinua macho. "Anayefika kwanza."

Simu ikafikiri. Ikafikiri sana. Halafu ikamjibu, na yeye, kwa mazoea ya kazi, akalisoma jibu kwa sauti: "Ombi lako limepokelewa nusu. Ambatanisha Cheti cha Kutokuwepo Theluji cha leo."

*

Hayo yalitokea zamani kidogo sasa. Saumu ana watoto wawili na cherehani haipumziki. Bwana Filimoni bado yuko nchi ya baridi. Inasemekana msimu ulipofika theluji ilikuja, lakini alikuwa ndani anaandika ripoti. Ombi la Bwana Tegemea linasubiri cheti, na kila Jumatatu anakwenda dirisha namba tisa kuliulizia, na Dada Edina anamkaribisha tena.

Mheshimiwa Waziri anaendelea kuhutubia kwa ile sauti nzito, na wizi wa mtandaoni umepungua sana, kwa mujibu wa hotuba zake.

Shomari, yeye, ile ya mafua ya kuazima ameirudisha serikalini, amebaki na sauti moja tu ya bure, ile iliyopasuka. Akitaka kununua sukari inabidi kwanza asimame nje ya duka, alikumbuke lile pazia na mtoto nyuma yake, mpaka koo lijae, ndipo aingie aseme, "Nipe nusu." Mwenye duka ameshazoea. Anampimia sukari, anampa na karatasi ya kufutia macho. Siku nyingine ni uchovu tu, hakumbuki vizuri, machozi hayaji, na siku hiyo Shomari anakaa kimya mpaka jua linazama.

Juzi mjukuu wake mkubwa aliugua homa, akaletwa kwa babu. Alitaka kusimuliwa filamu. Shomari alikaa kitandani pale pale alipokuwa anakaa zamani, akafungua mdomo, akaona mtoto anamtazama kwa hofu, anataka kujua babu analia nini. Akaufunga. Akamshika tu mkono mpaka akalala.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya chai, Shomari anatoka uani na kikoi chake, anasimama juani, anatazama juu muda mrefu. Majirani wanadhani anaangalia dalili za mvua. Ni Bi. Chiku peke yake anayejua kwamba mumewe anaomba theluji.